Jina la amri na jina la watu: Kumbukumbu za debi ya Mashemeji

Juma lililopita mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniuliza swali lililoonekana jepesi. Kamusi inasema shemeji ni ndugu wa mume au wa mke. Je, ilikuwaje mchuano wa Gor Mahia na AFC Leopards ukaitwa debi ya Mashemeji? Nilimjibu chapuchapu kwamba Waluo na Waluhya ni majirani waliooana tangu zama, basi. Usiku ule nilipojinyoosha kitandani nikahisi nimemlaghai kijana wa watu. Jibu langu lilikuwa kweli, ila ukweli nusu. Ndoa zilikuwapo tangu mwanzo, lakini utotoni mwangu sikulisikia jina hilo redioni. Tulisema tu, “Leo ni Gor na Abaluhya,” na kila mtu akaelewa kwamba siku hiyo hakuna kulima.

Nilikulia Sugoi, katika eneo la Turbo, ambako ukisonga kidogo upande wa magharibi unaingia Lugari kwa Waluhya. Nyuma yetu ulikuwa mji wa Eldoret, ambao wazee wa kwetu hadi leo huuita Sisibo, kutokana na shamba nambari 64 walilolikuta walowezi wakilipimia mipaka. Mjini kulikuwa na viwanda, kikiwamo kile cha nguo cha Rivatex, na viwanda vilileta watu wa kila kabila. Sisi wengi wetu tulikuwa Wanandi. Tulipenda riadha, naam, lakini Jumapili alasiri masikio yetu yalikuwa kwenye redio ya betri iliyoning'inizwa dukani, tukimsikiliza Leonard Mambo Mbotela wa Sauti ya Kenya akitusukumia mpira kwa maneno hadi tukauona.

Dukani pale palikuwa na wawili wasiokosa. Mmoja alikuwa mwalimu wetu wa hesabu, Mjaluo, mfuasi wa Gor kufa kupona. Wa pili alikuwa nyapara wa shamba la mahindi, Mluhya, ambaye kwake hapakuwa na mpira baada ya Joe Kadenge. Mwalimu alikuwa amemwoa dada yake nyapara. Kwa hiyo walikuwa mashemeji kabla ya debi kuitwa hivyo. Gor wakifunga, mwalimu alisimama akasema, “Shemeji, pole, nyumbani kuna chai.” Abaluhya wakisawazisha, nyapara naye: “Shemeji, hiyo chai weka sukari, nakuja!” Sisi watoto tulicheka hadi machozi. Mimi sikuwa wa upande wowote, na nyapara alipenda kuniambia, “Wewe ni mshenga. Kaa katikati, usipeleke maneno.”

Tuirejelee historia kidogo. Abaluhya iliundwa 1964 ili kuunganisha vikosi vya sehemu mbalimbali za Uluhyani. Gor Mahia ikazaliwa Februari 1968, baada ya Luo Union na Luo Stars kuungana, ikapewa jina la mganga mashuhuri wa Waluo. Mwaka huohuo timu hizo mbili zikakutana kwa mara ya kwanza, na mwaka huohuo Gor wakatwaa ubingwa wa ligi. Tangu hapo hazikuachana. Katika Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati, mataji yote kuanzia 1979 hadi 1985 yalikwenda kwa mojawapo ya klabu hizi. Fainali tatu kati ya hizo zilikuwa baina yao wenyewe: Gor walishinda 1980, Leopards 1984, na Gor tena 1985 kule Sudan. Yaani Wakenya walisafiri hadi Sudan kwenda kumaliza ugomvi wa nyumbani.

Katikati ya kipindi hicho ndipo serikali ilipoingiza mkono katika majina. Mwaka 1980, utawala wa Rais Moi ulivunja vyama vya kikabila, na klabu zikatakiwa ziache majina yenye harufu ya kabila. Luo Union ikawa Re-Union. Abaluhya Football Club ikawa AFC Leopards, na herufi AFC zikatafutiwa maana mpya isiyotaja Waluhya. Gor Mahia nayo kwa muda ikaitwa Gulf Olympic Rangers. Msomaji, hebu zisome herufi za mwanzo za maneno hayo matatu. G, O, R! Serikali ilipiga marufuku jina, nalo likajibanza ndani ya herufi zake kama panya katika ghala.

Mwalimu wetu wa hesabu alituandikia herufi hizo ubaoni, akatuuliza tumeona nini. Hilo ndilo lililokuwa somo langu la kwanza la isimujamii, ingawa neno lenyewe sikulijua hadi nilipofika chuo kikuu. Amri hubadilisha maandishi kwenye barua na kwenye stakabadhi. Haibadilishi kinywa. Mashabiki waliendelea na majina yao: Ingwe, ambalo kwa Kiluhya ni chui, na K'Ogalo, ambalo ndani yake mna kile kiambishi cha Kijaluo kinachotaja nyumbani kwa fulani. Gor wakaitwa pia Sirkal. Neno hili ni serikali yetu hii ya Kiswahili, iliyotoka Uajemi, ikapita pwani, ikaingia Dholuo, kisha ikarudi Nairobi imevaa jezi ya kijani. Sijui kama wakubwa waliotoa amri walijua kwamba wafuasi wa timu walikuwa wamejitangaza serikali!

Sasa turudi kwa shemeji. Kiswahili kina maneno mengi ya ukoo wa ndoa, na kila moja lina adabu yake. Mkwe huheshimiwa, mbele yake unapunguza sauti, na mila za makabila yetu mengi hukukataza hata kuketi naye karibu. Shemeji ni habari nyingine. Huyu unamtania, unamkejeli, unamdai kuku na soda, na hana ruhusa ya kukasirika. Watu wa Mombasa na Lamu humwita mwamu. Lipo pia neno mlamu, ambalo kamusi zetu zinalo ingawa halisikiki sana, na Mluhya akilisikia atatabasamu kwa kuwa yeye husema mulamwa. Wenzetu wa Tanzania waliifikia njia iyo hiyo kwa neno jingine: Simba na Yanga ni watani wa jadi. Huko utani ni desturi ya makabila yenye kanuni zake zinazojulikana. Sisi Wakenya tulichukua utani uliomo ndani ya ndoa.

Basi hili ndilo jibu nililopaswa kumpa mwanafunzi wangu. Mashabiki hawakuchagua neno hili kwa sababu tu Waluo na Waluhya wanaoana. Walilichagua kwa kuwa lilitaja uhusiano unaoruhusu kushindana kwa maneno makali bila kufika mwisho wa undugu. Waingereza walituachia neno debi, ambalo walilipata kwa mtu wa cheo aliyekuwa na mbio zake za farasi karne ya 18. Neno hilo halina ujamaa wowote. Sisi ndio tuliolitia watu ndani yake.

Nimeona jina hili likifanya kazi kabla halijatamkwa. Desemba 1987 Gor walicheza na Esperance ya Tunisia katika fainali ya Kombe la Washindi Afrika, uwanjani Kasarani. Kule Tunis walikuwa wametoka sare ya 2-2. Nairobi wakatoka 1-1, na mabao ya ugenini yakawapa kombe. Nahodha Austin Oduor akalinyanyua. Nilikuwa likizoni Sugoi. Kipenga cha mwisho kilipolia redioni, mtu wa kwanza kuruka hakuwa mwalimu. Alikuwa nyapara, shabiki wa Ingwe wa damu, akilia na kupiga kelele, “Shemeji ameoa! Shemeji ameoa!” Asubuhi alimpelekea mwalimu jogoo. Mwalimu alipomuuliza kama sasa amehamia Gor, alijibu, “Wee! Huyu jogoo ni wa harusi. Mechi ni wiki ijayo.”

Kwa nini ninayakumbuka haya leo? Kwa sababu sisi wa Uasin Gishu tunaujua uzito wa neno kuliko watu wengi. Katika mkoa wetu wa zamani wa Bonde la Ufa kulizuka neno jingine lililotoka kinywani mwa watu, nalo ni madoadoa. Lilikuwa neno la kawaida, la ngozi ya ng'ombe na la maharagwe. Katika siasa za miaka ya tisini, na tena katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, likageuzwa kumtaja jirani asiye wa kabila lako kama waa la kufutwa. Watu waliuawa na nyumba zikachomwa. Mwaka 2022 Tume ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ililiweka katika orodha ya maneno ya chuki. Maneno mawili, nchi moja. Moja lilimgeuza jirani kuwa doa. Jingine lilimgeuza mpinzani kuwa mtu wa nyumbani. Yote mawili yalitoka kwa watu, kwa hiyo nisidai kwamba kila kitokacho kwa watu ni chema. Ninalodai ni kwamba neno jema nalo lipo, na linahitaji kutunzwa.

Na neno shemeji limewahi kutupwa chini. Tarehe 23 Oktoba 2010, kwenye lango la uwanja wa Nyayo, mashabiki saba walikufa katika msongamano siku ya mchuano huu. Kifo hakikuuliza rangi ya jezi. Machi 2012, uwanjani humo humo, mchezaji wa Gor alionyeshwa kadi nyekundu na mawe yakaanza kuruka, mechi ikasimama. Jioni hiyo nilimpigia simu mwalimu wangu, ambaye alikuwa amestaafu kitambo. Hakutetea timu yake. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyeketi matangani, “Kijana wangu, shemeji hapigwi jiwe. Ukimpiga jiwe, dada yake atalala wapi?”

Sentensi hiyo inastahili kuwa katika kamusi kama mfano wa matumizi, lakini kamusi zetu bado zinamtafsiri shemeji kwa ndoa tu. Si kosa la wanaleksikografia peke yao. Sisi wasomi wa Kiswahili tumezoea kukusanya data katika riwaya na diwani, tukasahau kwamba jukwaa la uwanjani nalo ni kikao cha lugha. Waliokuwa mashahidi wanaondoka. Kadenge alituacha 2019, na msemo “Kadenge na mpira” unabaki midomoni mwa vijana wasiomjua. Mbotela naye alituaga Februari 2025. Nyapara wetu tulimzika miaka kadhaa iliyopita, na mwalimu ndiye aliyezungumza kwa niaba ya wakwe.

Nimempa mwanafunzi yule kazi ya kufanya badala ya jibu. Achukue kinasa sauti, aende Turbo, Lumakanda, Sugoi na mitaa ya Sisibo, awatafute wazee wa Ingwe na wa K'Ogalo, awaulize walitaniana vipi, neno gani lilikuwa ruhusa na lipi lilikuwa mwiko. Nilimwambia aanze na mwalimu wangu wa hesabu. Alirudi Jumatatu akiwa amekunja uso: mzee amekataa kuhojiwa peke yake. Anataka kwanza aitwe mtoto wa kiume wa nyapara, ambaye ni wa Ingwe kama babake, ili, kwa maneno yake, “shemeji asisemwe hayupo.”