Moto na Jongoo katika Historia ya Kurejesha Ikolojia

Urejeshaji wa ikolojia, yaani kazi ya kuisaidia ardhi iliyoharibiwa ipate tena mimea, wanyama na udongo wake, hutajwa mara nyingi kuwa ulianzia Madison, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, ambako mwaka 1935 vijana wa Civilian Conservation Corps, kikosi cha ajira kilichoundwa na serikali wakati wa mdororo wa uchumi, walianza kupandikiza mabonge ya nyasi za asili katika shamba la zamani la Chuo Kikuu cha Wisconsin. Kupanda kuliwezekana, kilichosumbua ni nyasi za malisho zenye asili ya Ulaya, ambazo ziliendelea kuisonga mimea iliyopandwa, hadi mtaalamu wa mimea John Curtis alipofanya majaribio ya kuchoma moto katika miaka ya 1940 na kuonyesha kwamba moto, uliohesabiwa kuwa adui, huzidhoofisha nyasi za kigeni na kuzipa nafasi zile za asili, jambo ambalo wenyeji wa Marekani, waliochoma nyika zao kwa karne nyingi, hawakuhitaji kufundishwa.

Funzo la namna hiyo lilipatikana pia Bamburi, Mombasa, ambako uchimbaji wa mawe ya matumbawe kwa ajili ya saruji ulikuwa umeacha sakafu nyeupe isiyo na udongo, iliyokaribiana na maji ya chumvichumvi ya chini ya ardhi. René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti humo mwaka 1971, na kati ya aina 26 alizojaribu ni 3 tu zilizostahimili, mojawapo ikiwa mvinje, mti ambao mizizi yake huhifadhi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Mivinje ilikua, lakini vijani vyake vyembamba, vyenye tanini nyingi, vilirundikana chini bila kuoza, mpaka walipoletwa jongoo weusi wenye miguu myekundu, ambao walivitafuna na kuacha kinyesi kilichogeuka mboji.

Taaluma yenyewe ilikuja nyuma ya kazi. Chama cha Society for Ecological Restoration kiliundwa mwaka 1988, na ufafanuzi wake wa mwaka 1990 ulizungumzia kulibadili eneo kwa makusudi, ilhali kufikia mwaka 2004 kilikuwa kimechagua neno la unyenyekevu zaidi, kusaidia. Tangu mwaka 2017 chama hicho huwapa watendaji vyeti vya umahiri, ambavyo Curtis na Haller walianza kazi bila kuwa navyo.