Gobore la Babu na "Ishirini na Mbili" ya Mzungu: Nani Alichagua Bunduki ya Kulinda Shamba Nyanda za Juu Kusini?

Sahani ya ubwabwa inayouzwa Soweto, Mbeya, ina stori ndefu kuliko mama ntilie anavyoweza kuisimulia akiwa anapakua maharage. Kabla ya mchele huo kufika mjini kutoka Mbarali, kuna mtu alikesha. Alfajiri alifukuza ndege, mchana ngedere, usiku nguruwe. Na tangu enzi za mababu mtu huyo amekuwa na swali lilelile: atumie nini? Manati, mbwa, moto, sumu au bunduki? Na kama ni bunduki, ipi?

Ukiuliza mtandaoni leo utajibiwa fasta: chukua 22. Ni ile bunduki ndogo ya risasi yenye upana wa milimita 5.6 hivi, ambayo wakulima wa Ulaya na Marekani huitumia kwa sungura, panya na kunguru. Jibu zuri, kwao. Huku kwetu swali hilo limepita mikononi mwa watu wengi ambao hawajawahi kushika jembe: wanadiplomasia, magavana, mabwana nyama, polisi. Mwenye shamba ndiye aliyeulizwa mwisho, na mara nyingi hakuulizwa kabisa.

Tuanze na mitumba. Wengi wanadhani mitumba ilianza na jinzi. Wapi! Karne ya 19 majeshi ya Ulaya yalipoanza kuhama kutoka bunduki za kushindilia kwa mdomo kwenda za kisasa za kupakia kwa nyuma, yale makuukuu yalihitaji soko. Soko lilikuwa Afrika, na mlango wake upande wetu ulikuwa Zanzibar. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza pale Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia sehemu hii ya Afrika kila mwaka. Zikapanda na misafara hadi bara. Ndipo gobore likawa kitu cha nyumbani, likaning'inizwa ukutani kando ya jembe na mundu.

Kwa kijana ambaye hajawahi kuliona: gobore unalilisha kwa mdomo. Unamimina baruti, unashindilia kitambaa, unatia gololi au vipande vya chuma, unashindilia tena, ndipo unalenga. Mtutu wake ndani ni laini kama bomba la maji, hauna ile mifuo ya kuizungusha risasi, kwa hiyo ukishapita hatua hamsini unapiga kwa imani. Na ni pigo moja tu. Ukikosa, nguruwe atakuwa ameshafika kijiji cha pili kabla hujamaliza kushindilia. Tena Mbeya mvua inaanza Novemba na inaendelea hadi Aprili, yaani kipindi kilekile mahindi yanapokua na kuanza kunoga. Baruti ikipata unyevu, mwenye gobore anabaki ameshika fimbo ya bei ghali.

Hata hivyo watu walilipenda, na walikuwa na sababu. Likiharibika, mhunzi wa kijijini analitengeneza. Gololi zikiisha, vipande vya misumari vinatosha. Huhitaji duka la risasi. Kwa mtu anayeishi siku tano za mguu kutoka dukani, bunduki mbovu inayotengenezeka ni ya kuaminika kuliko bunduki nzuri isiyo na risasi. Hili watu wa mijini hulisahau wanapoongea "kwaliti".

Sasa njoo kwa walioamua. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia saini mkataba mjini Brussels. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Lakini ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha: katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini ya ikweta hadi digrii 22 kusini, bunduki za kisasa zenye mifuo zilizuiwa kuuzwa kwa wenyeji. Kilichoruhusiwa, kwa masharti, ni zile za zamani zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Mbeya yote, Iringa yote, Songea yote, ndani. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema babu zetu walibaki na magobore kwa sababu hawakujua vitu vizuri, mwambie akasome. Walijua sana. Kuna mkutano ulikaa Ulaya ukawapangia.

Mwaka mmoja baadaye Uhehe wakapata za kisasa kwa njia yao wenyewe. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo karibu na Iringa, jeshi la Mkwawa lililipiga jeshi la Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Inatajwa kwamba bunduki zilizotekwa zilifika 300, pamoja na mizinga mitatu. Stori hiyo kila mtu anaijua. Kinachosemwa kidogo ni kwamba risasi za kisasa hazifuliwi na mhunzi. Ukiteka bunduki 300 umeteka na njaa yake ya risasi. Mwaka 1894 Kalenga ikaanguka, na mwaka 1898 Mkwawa akajiua kwa bunduki badala ya kukamatwa.

Huku nyuma, nguruwe hawakuwa wanafuatilia siasa. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kwanza ya uwindaji kwa koloni zima: vibali, ada, maeneo yaliyofungwa. Kisha ikaja kazi ya lazima ya pamba kusini na pwani. Mwanaume aliyekuwa analala kwenye dungu kulinda mtama wake akawa yuko kwenye shamba la serikali. Baadhi ya wanahistoria wa vita vya Maji Maji wameandika kwamba nguruwe na nyani waliokula chakula cha watu miaka ile ni sehemu ya hasira iliyolipuka mwaka 1905. Septemba mwaka huo moto ulishafika Ubena, misheni ya Yakobi karibu na Njombe ikashambuliwa. Baada ya vita Wajerumani walikusanya silaha na kuchoma mashamba na maghala. Watu wakafa njaa kwa maelfu mengi, vijiji vikabaki tupu, pori likarudi, na ndani ya pori wanyama. Waliobaki hai walilima kwa mikono mitupu kuliko walivyokuwa kabla.

Waingereza walipochukua nchi, mtindo haukubadilika sana: mwenyeji apate gobore kwa kibali, bunduki ya kisasa iwe ya mzungu, askari na wachache wateule. Mwaka 1919 wakaanzisha idara ya wanyamapori. Ndipo likazaliwa jina ambalo wazee wa Iringa bado wanalitaja: bwana nyama. Mkulima akivamiwa na tembo, amwite bwana nyama. Bwana nyama yuko mbali, tembo yuko hapa. Unaona tatizo.

Tatizo hilo lilionekana vibaya zaidi Njombe. Kuanzia miaka ya 1932 hadi 1947 simba walikula watu kwenye vijiji vya Ubena na Usangu. Makadirio yanayotajwa zaidi ni watu 1,500, na wapo wanaosema zaidi. Sio simba mmoja mwenye wazimu; ni kundi, wazazi wakifundisha watoto. Watu hawakutaka hata kulitaja neno simba, wakiamini wanatumwa na mganga. Aliyewamaliza ni bwana nyama George Rushby, Mwingereza aliyekuwa mwindaji wa tembo kabla ya kuajiriwa. Yeye na maskauti wake waliua simba 15 kati ya 1946 na 1947, na mauaji yakakoma.

Na sababu ya simba kugeukia watu? Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba serikali ya kikoloni ilikuwa inazuia ugonjwa wa sotoka usivuke kwenda kusini, kwa hiyo ikapunguza sana wanyama pori waliokuwa chakula cha simba. Bunduki zilimaliza swala, simba akala binadamu, ikabidi bunduki nyingine zije kummaliza simba. Wanakijiji hawakuwa na bunduki ya maana katika hatua yoyote kati ya hizo. Maskauti Waafrika waliotembea mbele kwenye majani marefu, wakisoma nyayo, hawatajwi majina kwenye stori nyingi zinazosimuliwa. Bila wao Rushby angekuwa mtalii tu.

Basi ile 22 ilikuwa wapi? Ilikuwepo. Risasi hiyo ilitoka Marekani mwaka 1887, na kokote walowezi walikokwenda ilikwenda nao. Na kiukweli kwa kazi yake ni chombo kizuri. Haina teke begani, mlio wake mdogo, ina shabaha nzuri hadi hatua themanini au mia. Kwa kicheche anayemaliza kuku, inatosha kabisa.

Ila ina mipaka ambayo watu wa mtandaoni huwa wanairuka. Risasi ya kawaida ya 22 ina uzito wa gramu 2.6 hivi. Ya 375, ile ya kukabili tembo na nyati iliyotoka mwaka 1912, ina gramu 19 na ushee, na nguvu yake ni zaidi ya mara thelathini. Ukimpiga nguruwe pori kwa 22 unamjeruhi, na nguruwe aliyejeruhiwa kwenye mahindi usiku ni msiba unaotafuta mwenyewe. Pili, risasi hiyo ndogo inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja, na ikigonga jiwe inakata kona. Mlowezi mwenye ekari elfu tupu hajali sana. Uyole, ambako shamba la mtu linaishia kwenye ukuta wa jiko la jirani, ni habari nyingine. Tatu, aina hii ya risasi mwako wake uko kwenye ukingo wa ganda, kwa hiyo huwezi kuijaza tena nyumbani kirahisi. Ikiisha imeisha, unategemea duka. Tumerudi kulekule kwa Mkwawa.

Kwa hiyo wakulima wachache waliobahatika kupata kibali walichagua zaidi bunduki ya marisau, ile inayotawanya vipande vidogo. Haihitaji shabaha ya Olimpiki, vipande vyake haviendi mbali, na ngedere akiusikia mlio anahamisha ukoo mzima kwa siku mbili. Siku ya tatu anarudi. Ngedere si mjinga.

Halafu kuna maadui ambao bunduki ni kichekesho kwao. Fuko anayekula viazi kule Umalila hajawahi kuona mtutu. Yeye anategewa chini kwa chini. Na kwelea kwelea wa Mbarali, mwenye gramu ishirini tu, anakuja kwa mamilioni. Kila mmoja anakula gramu kumi hivi kwa siku, hivyo kundi la milioni moja linaondoka na tani kumi kila jua linapozama. Utapiga wangapi? Ndiyo maana serikali imekuwa ikipeleka ndege za kunyunyizia sumu kwenye malalo yao, na siku hizi hata ndege nyuki. Kondoa wao wamewatega kwa nyavu na kuwala, kitoweo safi. Lakini katikati ya mpunga, saa kumi na mbili asubuhi, anayesimama ni mtoto au mama mwenye kopo, kamba na sauti yake. Kuwinga ndege kunamaliza shule ya mtu taratibu, na hakuna takwimu ya hasara hiyo kwenye gunia la mchele.

Baada ya uhuru bunduki ya shamba ilipata kesi mpya. Ujangili wa tembo ulipozidi, mwaka 1989 ikaja Operesheni Uhai, jeshi na polisi wakasaka silaha vijijini. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Tokomeza, ikasimamishwa baada ya malalamiko ya mateso na vifo vya raia, na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao Desemba mwaka huo. Ni kweli magobore mengi yaliua tembo. Ni kweli pia mengine yalikuwa yanalinda nusu ekari ya mahindi, na kwa askari aliyeingia uani usiku yote yalifanana.

Leo kinachotawala ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Gobore nalo ni silaha. Bila kibali ni kosa, hata kama babu alilirithi kwa babu yake. Maombi yanapita kamati za ulinzi na usalama kisha polisi, na mwombaji anaulizwa anataka kulindia nini. Upande wa pili zilikuja kanuni za 2011 za kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa na wanyama hatari, na kifuta machozi kwa familia ya aliyeuawa, ambacho kanuni hizo zilikiweka kuwa shilingi milioni 1. Pembezoni mwa Udzungwa watu wamejaribu uzio wa mizinga ya nyuki, kwa sababu tembo anaogopa nyuki kuliko anavyoogopa gobore, na nyuki hawaombewi kibali polisi.