Rangi ya Nyota Ilivyotoka kwenye Nyeusi na Nyeupe

Katikati ya Januari, vuli ikiwa imekwisha na masika hayajafika, nebula ya Orion hupita karibu utosini mwa mtu wa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, kama saa nne na nusu usiku. Aliye London huiona chini upande wa kusini, nyuma ya hewa nene. Anga la Meru linastahili kamera nzuri, na anayetaka kununua hukutana na swali la zamani: ya rangi, au ya nyeusi na nyeupe?

Henry Draper alikuwa wa kwanza kuipiga picha nebula hiyo, Marekani, tarehe 30 Septemba 1880. Bamba lake lilipokea mwanga kwa dakika 51, likatoa picha isiyo na rangi. Lakini njia ya rangi ilikuwa imeshaonyeshwa London mwaka 1861. James Clerk Maxwell alitumia picha tatu za utepe mmoja, zote za nyeusi na nyeupe, zilizopigwa kupitia vichujio vya nyekundu, kijani na buluu, akazimulika zikalaliana ukutani. Rangi zikatokea. Zaidi ya karne moja baadaye, David Malin alizipa nyota rangi kwa njia hiyohiyo huko Australia, na mpaka leo darubini ya Hubble hufanya hivyo.

Njia ya mkato ilitoka kwa Bryce Bayer wa Kodak, aliyepata hataza mwaka 1976. Alitandaza vichujio vidogo juu ya pikseli zenyewe: katika kila nne, mbili kijani, moja nyekundu, moja buluu. Picha moja inatosha. Hasara yake huonekana hasa kwenye nebula, kwa kuwa wekundu wa haidrojeni hupokelewa vizuri na robo tu ya pikseli. Kamera ya nyeusi na nyeupe huzitumia zote.

Hata hivyo, kwa Maji ya Chai ningeanza na ya rangi, bila kusita. Meru huvuta mawingu. Kwa kamera ya nyeusi na nyeupe, ukimaliza nyekundu na kijani, wingu likashuka kabla ya buluu, usiku huo huna picha kamili. Hiyo inunuliwe na mwenye subira anayeitaka haidrojeni yenyewe: kwa kichujio chembamba cha nanomita 656, anaweza kufanya kazi hata mbalamwezi ikiwaka, na taa za mji jirani wa Usa River hazitamsumbua sana.