Kumzoesha mtoto wa mbwa wa aina ndogo kujisaidia nje

Baridi ya Juni na Julai kwenye miteremko ya Meru si ya kumlaza nje mbwa mdogo. Ndiyo maana wengi, kuanzia Njiro hadi Ngaramtoni, humweka ndani, na hapo ndipo sebule inapoanza kunuka mkojo.

Tusimlaumu. Kibofu chake ni kidogo. Akiwa na miezi 2 usitegemee abane zaidi ya saa 2 hivi. Mtoe akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza na kabla ya kulala. Mpeleke sehemu ileile kila mara, hata iwe pembeni ya migomba, umsubiri, na akimaliza msifu papo hapo. Usiku tega kengele ya simu umtoe walau mara moja. Ukimwona ananusa sakafu na kuzungukazunguka, mnyanyue haraka.

Kumchapa au kumsugua pua kwenye mkojo humfundisha kwenda kukojoa nyuma ya kochi, basi. Piga deki kwa sabuni, kisha siki na maji.

Kinyesi kizoe siku hiyohiyo, ukifukie mbali na bustani ya mboga na wanapochezea watoto. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa na minyoo ya mama yao. Mayai yake yakikaa udongoni wiki chache huweza kumwambukiza mtu, hata kudhuru macho ya mtoto. Dawa ya minyoo huanza akiwa na wiki 2, na chanjo ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi 3. Muone ofisa mifugo wa kata yako.