Hajachelewa vya Kutosha

Mpwa wangu alizaliwa California mwaka 2010. Alipotimiza miaka 2 alizungumza kama mtoto wa miezi 16. Dada akampeleka kupimwa. Akajibiwa kwamba mtoto hajachelewa vya kutosha.

Nilidhani ni roho mbaya ya karani, hadi nilipoanza kusoma historia ya sera katika shahada ya uzamili. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwasaidia watoto wa chini ya miaka 3 wanaochelewa kukua, ila likayaachia majimbo yaamue nani amechelewa. Mwaka 2009, mtikisiko wa uchumi ulipoikausha hazina yake, California ikakaza masharti. Mtoto wa miezi 24 au zaidi alitakiwa awe nyuma kwa asilimia 50 katika nyanja moja ya ukuaji, au 33 katika nyanja mbili. Yaani wa miaka 2 azungumze kama wa mwaka 1. Mpwa wangu alikuwa nyuma kwa theluthi, tena katika usemi tu.

Januari 2015 sharti lilirudi asilimia 33 katika nyanja moja. Mwaka 2022 likashushwa hadi 25. Yeye alikuwa ameshavuka miaka 3, ukomo wa huduma hiyo.

Miaka yote dada amejilaumu kwamba alizembea. Juzi nilimpigia simu nikamsomea tarehe hizi moja moja. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kumbe si mimi, mdogo wangu?"