Sauti ya Muyaka bin Haji

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy alifariki Mombasa yapata mwaka 1840, wala haijulikani diwani yoyote aliyoikusanya kwa mkono wake mwenyewe. Tulicho nacho leo kilitoka vinywani mwa watu. Katika miaka ya 1880, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mtu wa Mombasa na bingwa wa lugha ya kwao, aliyakusanya mashairi hayo akayatilia ufafanuzi, na William Taylor, mmisionari wa Kiingereza, akayaandika na kuyahifadhi. Karatasi za Taylor zilifika London baadaye, na William Hichens akatoa sehemu yake kwa chapa mwaka 1940 huko Johannesburg. Basi kati ya kufa kwa mtungaji na kuandikwa kwa tungo zake ilipita miaka arobaini na zaidi.

Kwa hali hiyo msomi hana budi kuuliza: twajuaje kwamba mashairi haya ni ya Muyaka?

Katika tendi swali hili si gumu sana. Mtungaji wa utendi alikuwa na nafasi ya kutosha. Huanza kwa jina la Mungu, na mara nyingi akifika mwisho hujitaja jina na nasaba, pengine na mwaka wa Hijra aliomalizia kazi yake. Shairi la Muyaka aghalabu ni fupi, na mara nyingi ni ubeti mmoja tu, mistari minne yenye mizani kumi na sita kila mmoja. Humo hamna mahali pa kutia jina. Wala umbo la shairi halitusaidii, maana umbo lilikuwa mali ya wote. Vina vile vile si ushahidi, kwani katika malumbano ilikuwa ada ya anayejibu kuvifuata vina vya aliyemwanza, hata tungo za mahasimu wawili zikafanana kwa sura kama watoto pacha. Ikiwa jina halimo, na umbo ni la kila mtu, lililobaki ni sauti.

Neno hili sauti hutumiwa ovyo siku hizi, kwa hiyo yafaa kueleza nilikusudialo. Siyo ufundi wa kupanga vina. Wengi walikuwa nao. Ni namna ya mtu kumkabili msikilizaji wake. Muyaka husema na mtu aliye mbele yake: humwita, humwuliza, humwonya, humcheka. Huchukua vitu vya kila siku, vya nyumba na chombo na bahari na soko, akavitia maana ya siasa bila kuvivua maana yake ya kwanza. Hupenda neno lenye maana mbili, akamwacha msikilizaji achague, naye akichagua vibaya aibu ni yake. Imesemwa mara nyingi kwamba Muyaka ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Naona usemi huo umepita kiasi, kwa kuwa nyimbo za ngoma na za kazi hazikungoja Muyaka azaliwe. Lakini kweli iliyomo ni kwamba kwake shairi la mambo ya dunia lilipata heshima ya kukumbukwa pamoja na jina la mwenyewe.

Na hapa pana hatari. Sauti ikishajulikana sana huvuta kila kitu. Shairi zuri la Mombasa ya kale lisilo na mwenyewe huweza kupewa Muyaka kwa sababu tu lina ukali na ucheshi. Kisha sisi twasoma mkusanyo, twaueleza mtindo wake, na kwa mtindo huo huo twathibitisha kwamba mkusanyo ni wake. Hiyo ni kuzunguka kinu.

Njia ya kutoka, kwa maoni yangu, ni kuanza na yale mashairi yaliyofungwa na mambo yaliyotokea. Muyaka alikuwa upande wa Mazrui, watawala wa Mombasa. Aliishi katika siku za vita vya Shela, yapata mwaka 1813, Mombasa na Pate waliposhindwa na watu wa Lamu. Akaiona bendera ya Kiingereza ikipandishwa mwaka 1824 na kushushwa mwaka 1826. Akaona mashambulio ya Seyyid Said, hata mwaka 1837 ambapo utawala wa Mazrui ulivunjwa na wakubwa wao wakachukuliwa mateka. Shairi linalojibu tukio mojawapo, kwa upande wa Mombasa, nalo likajibiwa na washairi wa Lamu, lina mizizi nje ya mkusanyo. Kwa tungo hizo ndizo tupime lugha yake na namna yake ya kuhoji, ndipo tuyaendee yale ya mapenzi na ya nyumbani, ambayo hayana tarehe. M. H. Abdulaziz, katika kitabu chake cha mwaka 1979, aliyasoma mashairi haya pamoja na historia ya mji, na faida yake ni kubwa.

Liko jambo la pili, nalo lahusu wahariri. Sauti ya Muyaka imo ndani ya Kimvita. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na kuanzia 1930 Kamati ya Lugha ilisimamia tahajia ya vitabu vya shule. Kwa kitabu cha hesabu au cha jiografia kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Lakini mtu wa Mvita husema mato, si macho. Nti, si nchi. Ndia, si njia. Mhariri akiandika njia mahali pa ndia, mizani haipungui, naye hudhani hakuharibu kitu. Aandike macho mwisho wa kipande ambacho wenzake vyaishia kwa -to, kina kimekufa papo hapo. Kwa bahati njema kina huja na mlinzi wake, kwa kuwa kosa huonekana. Katikati ya mstari hamna mlinzi. Huko neno la Kimvita laweza kubadilishwa mara mia, na shairi likabaki na mizani yake na vina vyake, ila msemaji wake si mtu wa Mombasa tena.

Tena hati za Kiarabu zenyewe zina irabu tatu tu, nasi tuna tano. Pasipo alama za ziada, e na i huandikwa sawa, kadhalika o na u. Ndiyo maana kazi ya Mwalimu Sikujua haina badala. Yeye aliyasikia maneno hayo kwa watu waliokuwa na lugha ya mtungaji, na ufafanuzi wake ndio unaotuambia lipi lilitamkwa. Atakayetoa chapa mpya ya Muyaka aanze na karatasi hizo, neno kwa neno, kabla ya kuigusa chapa ya 1940.