Ng’ombe alipotelea kwa faili

Wasee, nilipeleka maandishi saiba hapa Gongoni, “ng’ombe” akatoka “ng’ombe”. Nilihifadhi kwa UTF-8, programu yao ikasoma kwa Windows-1252. Ile ritifaa iliyopinda ni baiti tatu, ikageuka alama tatu za ajabu.

Lakini hii stori ni ya kitambo. Wazee wetu wa Pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zenye irabu fupi tatu. Sisi tuna tano. “Peta” na “pita” zingeweza kufanana kabisa, na bila kujua lugha umepotea. Mashairi ya Muyaka yalipitia hapo kabla ya kuchapwa kwa Kilatini 1940.

UTF-8 ilibuniwa 1992. Ufunguo tunao, shida tunaficha. Ukituma faili, andika kabisa: “Hii ni UTF-8.”